Makofi Niliyompigia Chifu

Mimi ndiye niliyeanza kupiga makofi. Wengine walinifuata tu. Hasira yangu leo ni juu ya mikono hii!

Jirani yangu hapa mtaani Gatwekera ni Baba Akinyi, fundi wa vitanda. Mwenye ploti yetu, hivi vyumba tunavyopanga, anaishi mtaa wa mbali, Kawangware. Alipopandisha kodi tulimuuliza sababu, naye akatuma vijana wakang'oa milango yote. Mvua ikawa inaingia kama mgeni, watoto wakakohoa.

Chifu alipoita baraza, Baba Akinyi akasimama. Hakutukana mtu. Alisema, "Chifu, katiba inampa mwananchi haki ya kutoa maoni. Yangu ni moja tu: turudishiwe milango."

Chifu akacheka. "Wewe fundi, katiba umeisomea wapi, kwa randa? Hapa katiba ni mimi!"

Watu wakanyamaza. Lo, kimya kile! Hakuna aliyecheka naye. Mama mmoja nyuma akaguna. Tulikuwa upande wa Baba Akinyi, na chifu alijua.

Mimi ni mtu wa haya. Tangu shule ya msingi nilizoeshwa kwamba mkubwa akimaliza kusema, unapiga makofi. Kile kimya kilinitisha, nikapiga. Pa! Pa! Pa! Mjinga mimi! Aliyekaa kando yangu akapiga, kisha baraza lote.

Chifu akageukia askari wake. "Mmesikia? Wananchi wamekubali. Huyu ni mchochezi, mbebeni!"

Baba Akinyi alirudi kutoka seli amekonda, anachechemea. Nilienda kumwomba msamaha. Hakuacha kupiga msasa.

"Kijana, askari niliwatarajia," akasema. "Nyinyi sikuwatarajia."

Baraza lililofuata, chifu aliuliza kama kuna mwenye swali. Tukamtazama Baba Akinyi. Akatazama chini. Milango haijarudi hadi leo, na sasa hakuna wa kuuliza. Chifu hakumnyamazisha peke yake. Nilimsaidia, tena bure!

Watu husema katiba inalinda mdomo wa mtu. Itaulinda vipi, ikiwa majirani wanashangilia unapozibwa?

Ninyi wenye haya kama mimi, hakuna anayewalazimisha kusema. Lakini mwenzenu akisimama kuwasemea, na mkubwa akamkemea, wekeni mikono mfukoni mnyamaze. Siku ile hilo tu lingetosha.