Mashine ya Kumrudisha Evenor

Mume wangu Evenor ameendesha teksi hapa Managua miaka arobaini, na katika miaka hiyo hakumwuliza mtu njia hata mara moja. Siku hizi anapotea akienda kununua mkate. Nasema bila kupamba, maana wanaopamba ni wale wasioishi naye.

Alianza kwa kuchelewa. Alikuwa akirudi amelowa jasho, tenki tupu, akisingizia foleni. Foleni gani, Jumapili? Nikampigia simu binti yetu Xiomara, aliyeko Kostarika akiwaogesha wazee wa watu.

"Mnyang'anye ufunguo, mama," akasema.

"Njoo umnyang'anye wewe. Ukimtoa baba yako kwenye ile gari umemzika."

"Basi mnunulie ile mashine ya kuonyesha njia. Inabandikwa kwenye kioo, inaongea. Hela nitatuma."

Hela zikaja. Mwenyewe hakuja. Mtoto wa siku hizi akikukumbuka anatuma hela, nawe ushukuru.

Nilikwenda dukani na Evenor. Muuzaji, kijana aitwaye Yader, akatutolea mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya bei nafuu. Nikamwuliza kama itashika kiooni jua likiwaka. Akasita, nikajua itadondoka kabla ya saa sita. Ya pili ilikuwa na maandishi makubwa na sauti ya mwanamke inayosikika hata madirisha yakiwa wazi, na kitufe kimoja chenye picha ya nyumba.

"Ukibonyeza hiki, mzee, itakurudisha nyumbani popote ulipo," Yader akasema.

Hapo ndipo nilipochagua. Sikutaka mashine ijue mji wote. Nilitaka imrudishe Evenor kwangu.

"Mashine inionyeshe mimi Managua?" Evenor akafoka. "Kijana, mimi niliujua huu mji kabla haujaanguka!"

"Nitajie anwani, mama, niiweke," Yader akaniambia.

"Kutoka kilipokuwa kiwanda cha sabuni, vitalu viwili kuelekea ziwani, kimoja juu, jua linakotokea, geti la kijani."

Akacheka. "Mashine haijui kilipokuwa, mama. Inajua kilichopo."

"Na wewe, kwenu ni wapi?"

"Kutoka ilipokuwa sinema, vitalu vitatu..."

"Basi usinicheke."

Ndivyo tulivyo. Tetemeko la mwaka wa sabini na mbili lilibomoa mji, nasi mpaka leo tunaelekezana kwa vitu vilivyoanguka. Ilibidi Yader aje nasi hadi getini, aiambie mashine kwamba hapa, penye hili geti, ndipo nyumbani kwa Evenor.

Ikafanya kazi, siwezi kuinyima haki yake. Evenor aligombana nayo kutwa. "Nyamaza, binti! Nani alikufundisha udereva?" Lakini jioni alirudi, akala wali na maharage yake yakiwa bado ya moto, nami nikapumua. Nilimwambia Xiomara baba yake amepona. Mjinga mimi.

Alasiri moja dereva mwenzake akanipigia. Alikuwa amemwona Evenor katikati ya mji wa zamani, kwenye viwanja vilivyoota majani tangu tetemeko, amekaa tu garini. Nikakimbilia huko. Mashine ilikuwa ikimwomba ageuke, ageuke, naye ameifunika kwa kofia.

"Evenor, twende nyumbani."

"Nipo nyumbani, mama," akaniambia kwa adabu, kama anavyosema na wateja. "Ila mlango siuoni. Hujamwona Azucena?"

Azucena alikuwa mke wake wa kwanza. Ukuta wa nyumba yao, iliyokuwa hapo hapo, ulimwangukia usiku ule wa tetemeko, hata mwaka hawajamaliza katika ndoa. Kabla ya siku hiyo Evenor hakuwahi kunitajia jina lake. Nililisikia kwa mama yake. Iliniuma, sitadanganya. Miaka thelathini na mitano nimempikia, nimemfulia, nimemzalia, na leo mimi ni mama fulani anayepita njia. Nilimwonea wivu marehemu, tena wivu mkali.

Kulia kusingenisaidia. Nikafungua mlango wa nyuma, nikaketi.

"Dereva, una nafasi?"

Uso ukamchangamka. "Kwako daima ipo, mama. Wapi?"

Nikamtajia kwetu. Akaondoa gari, na mashine akaizima kabisa. Hakukosea kona hata moja. Njia nzima alinichekesha kwa vituko vya abiria wake, vituko ambavyo alinisimulia tukiwa wachumba. Akasimama mbele ya geti la kijani, akageuka, akanyoosha mkono apewe nauli. Nikampa zile hela nilizobakiza za mkate.

"Ubarikiwe, mama. Mimi nakimbia sasa, mke wangu ananingoja."

Nikajua akiondoka pale hatarudi. Nikapitisha mkono begani kwake, nikauchomoa ufunguo.

"Mwizi!" akapiga kelele. "Mwizi jamani, nisaidieni!"

Majirani wakatoka mbio na fimbo. Walipofika, walimkuta Evenor amenikamata mkono, akilia, na mimi sijauachia ufunguo.