Mtungi Juu ya Shimo la Nyabenda

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, nilipokwenda kwa miguu yangu kumwalika pombe mtu aliyekuwa anamtafuta baba yako amuue. Mimi shangazi yako niliishia darasa la tatu, kupamba maneno siwezi. Nitasema yalivyokuwa, na majina nitayataja, maana waliotenda walizikwa kwa heshima na kuombewa misa.

Wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa, sisi wa kilimani upande wa Bukiriro tuliambiwa tushuke wote barabarani. Tukashuka. Bibi Nyabenda alikataa. Alisema migomba yake haina miguu. Basi Damiani, mmoja wa mgambo, akaufunga mlango wake kwa nje, Gervazi, kamanda wa mgambo, akawasha nyasi za paa, na Feliksi, katibu wa kijiji, akasimama njiani akitazama. Huyo Gervazi alikuwa mtoto wa kaka yake Nyabenda, damu moja. Kisha wakatutangazia kwamba bibi amekimbilia Burundi. Hatukumzika, hatukumlilia. Kilima kikabaki mahame, na wanawake waliopanda huko kutafuta kuni walisema kwake bado pananuka moshi, hata masika.

Baba yako, Leonsi, aliyaona yote akiwa kwenye migomba. Alinyamaza muda mrefu, mpaka siku moja mkutanoni akasimama akayasema. Bahati mbaya vita vya Kagera vilikuwa vimeshaanza. Gervazi hakubisha. Alisema tu kwamba Leonsi anapeleka habari kwa adui. Siku zile neno hilo lilitosha. Aliyechukuliwa kwa neno hilo hatukumwona tena.

Nilimficha baba yako kwa Nyabenda, kwenye shimo alimokuwa akiivishia ndizi za pombe. Nikapanga magogo juu ya shimo, nikayafunika kwa majani makavu ya migomba na udongo kidogo, nikamwachia mrija wa kunywea pombe, ncha yake ikatokeza juu, apumue. Nilidhani Gervazi hatathubutu kufika pale. Kumbe nilijidanganya. Ikatangazwa kwamba kesho yake mgambo watapekua mahame yote, shimo kwa shimo, na njia zote zina walinzi.

Nyumbani kwetu palikuwa na mtungi wa mama, pombe imeshaiva. Kwetu, siku ya kuondoa matanga, ndugu hunywa mtungi mmoja uani kwa marehemu, na ua huo haupekuliwi wala hauchimbwi mpaka mtungi uishe. Mrija wa kwanza ni wa mkubwa wa ukoo. Mkubwa wa ukoo wa Nyabenda alikuwa Gervazi mwenyewe.

Nikamfuata ofisi ya kijiji, watu wamejaa wanasubiri sukari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umemleta kaka yako?"

"Nimeleta mwaliko. Leo tunaondoa matanga ya shangazi yako Nyabenda."

"Nyabenda yuko Burundi," akasema.

"Basi njoo unywe, baba. Ukinywa pale bila wasiwasi, kila mtu atajua kwamba yuko Burundi kweli."

Alinitazama mpaka nikahisi mkojo unataka kunitoka. Angeweza kunifunga palepale. Lakini wote walikuwa wanamwangalia yeye.

Tulipanda pamoja. Ukungu ulikuwa umekaa kwenye zile kuta nyeusi kama umepewa kazi ya kuzilinda. Mtungi niliuweka juu ya shimo lenyewe, uifiche ncha ya ule mrija wa baba yako. Mzee Bikorimana, jirani yetu wa zamani, ndiye aliyesimamia shughuli. Hakujua kilichokuwa chini.

"Kamanda, bunduki haina kinywa," alisema. "Iache nje inywe umande."

Watu wakacheka kidogo. Gervazi akaiegemeza kwenye mgomba, akachuchumaa, akavuta pombe. Nikajua baba yako ana uso wa Gervazi juu yake, umbali wa mkono mmoja tu.

Ndipo tukasikia pumzi. Ilitoka ardhini, nzito, ya kukwaruza, kama ya mtu aliyevuta moshi. Nikafumba macho. Nikasema moyoni, Leonsi, umetumaliza.

"Nani anapumua hivyo?" Gervazi akauliza.

Nilipofumbua macho, nyuso zote zilikuwa zimeinama.

"Sote tunapumua, kamanda," Bikorimana akasema taratibu. "Unataka nani aache?"

Ikaja tena. Gervazi alisimama, mrija ukamdondoka, akashuka kilima bila kuaga. Bunduki yake Damiani aliibeba mchana, akiwa mbali nayo kwa urefu wote wa mkono.

Hakuna mgambo aliyekubali kupanda pale tena. Jioni nilimfukua baba yako, akakata pori hadi Biharamulo, alikokuzaa wewe. Kabla hajaondoka nilimgombeza. Kwa nini apumue vile wakati adui yuko juu yake?

Alinishangaa. "Niliposikia sauti ya Gervazi niliuachia mrija, dada. Nilibana pumzi mpaka nikasikia ameondoka."

Sikumwuliza tena.

Sasa sikia, mwanangu. Mwenye nguvu akikuwinda, usimalize pumzi zako zote kwenye kukimbia. Tafuta mahali alipomwonea mtu, nenda ukakae hapo, kisha mwite yeye mwenyewe, mchana, watu wakisikia. Unaweza kufa, sikudanganyi. Lakini hapo ndipo anapoogopa, na hofu yake itafanya kazi ambayo mikono yako haiwezi. Ukipona, yataje majina. Gervazi, Damiani, Feliksi. Usiseme ni mambo ya wakati ule. Wakati hauwashi paa.

Mungu akutunze. Naye Nyabenda, aliyempa baba yako nafasi shimoni mwake, asikusahau. Ulale mahali pasipo na mlango wa kufungwa kwa nje, na upumue kwa sauti.