Wafagiaji wa Sivagami

Kila asubuhi, kabla hajatia hata kahawa kinywani, Sivagami alipiga magoti mbele ya tangi la chini, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa bonge moja la wavu wa plastiki, ule wa kusugulia masufuria. Alilikung'uta juu ya bakuli jeupe. Wakaanguka kwa mamia, wadogo kama punje za mchele, migongo imepinda, wakirukaruka ubavuubavu kama waliokanyaga makaa. Ni jamii ya kamba hao, ila hakuna mtu angewala. Watu wa dukani waliwaita wafagiaji, kwa sababu ndiyo kazi yao: hutembea juu ya matumbawe na mawe, wakila ukoga wa kijani na makombo ya samaki, na asubuhi tangi linakuwa safi kuliko ukilisugua wewe kwa mkono.

Hapo Kolathur, mtaa mzima unauza samaki wa mapambo. Ukitoka duka moja unaingia jingine, mifuko ya nailoni yenye samaki imening'inia mlangoni kama nguo za watoto. Lakini wengi ni wa samaki wa maji baridi. Wa maji ya chumvi, wenye matumbawe hai, walikuwa wachache, na wafagiaji walitoka kwa mtu mmoja tu. Wenye maduka makubwa walikuja na chupa zao kumpigia magoti mwanamke asiyejua kusoma jina lake.

Yeye na mumewe Kothandam ndio walioanzisha duka lile. Kothandam alileta maji ya bahari kwa mapipa kutoka pwani ya Kovalam. Sivagami aliyaonja kwa ncha ya ulimi. Kipimo cha chumvi kilikuwa na tarakimu zisizomwambia kitu, basi akakitia alama kwa rangi ya kucha, nyekundu, pale panapotakiwa. Wafagiaji aliwakuza yeye. Aliwapa mchicha uliochemshwa na unga wa dagaa, akawajengea nyumba kwa wavu wa masufuria, akajua jike mwenye mayai tumboni kwa kumwangalia tu. Kothandam alipokufa kwa moyo, shemeji yake Elumalai alimletea karatasi kabla maua ya mazishi hayajanyauka. "Weka dole hapa, shemeji, ni za benki tu." Akaweka. Baada ya mwezi, kibao cha duka kikabadilishwa jina. Sivagami akaachiwa chumba cha nyuma, na tangi la chini.

Tangi hilo hakuna aliyemnyang'anya, kwa sababu hakuna mwingine aliyeliweza. Elumalai alikuwa amemwambia wazi: "Shemeji, wadudu wako wakiwepo, na wewe upo. Wakiisha, kaka yako kule Tindivanam ana nyumba kubwa." Alisema akicheka. Mke wake Kasturi hakucheka.

Mwaka huo Elumalai alikuwa ameunganisha matangi yote ya matumbawe kwa bomba moja. Maji yalishuka kutoka juu, yakapita kwenye tangi la wafagiaji, pampu ikayarudisha juu. Kazi nzuri, hata Sivagami alikubali. Lakini ilimaanisha kwamba kitu kikiingia kwa mmoja, kimeingia kwa wote.

Kisha zikaja siku tisa za sikukuu ya mungu mke. Kasturi alipanga wanasesere wake wa ibada kwenye ngazi sebuleni, na mbele yao akasimika mtungi wa shaba, majani ya mwembe mdomoni, nazi juu yake. Kila nyumba hujaza maji ya bomba. Kasturi akajaza maji ya bahari.

"Biashara yetu ni bahari," alisema. "Mungu aje kwenye bahari." Akatia manjano, akatia sarafu za shaba, akakamulia ndimu mbili.

Sivagami aliupita mtungi ule kila siku akienda jikoni. Siku ya saba nazi ilipoondolewa ili wabadilishe maua, alichungulia. Maji yalikuwa na rangi ya kijani, ile ya kutu ya sinia la zamani. Aliijua rangi ile. Mwaka wao wa kwanza dukani, samaki walipotoka madoa meupe, Kothandam alinunua dawa ya buluu na kuimimina tangini. Samaki walipona, lakini wafagiaji wote walikufa kwa siku moja. Muuza dawa aliwacheka: "Hiyo si shaba? Samaki anaivumilia. Kitu cha ukoo wa kamba hakipati hata dakika ya kusali."

"Kasturi, maji haya mtayapeleka wapi?" akauliza.

"Yanapokwenda kila mwaka, dada. Nyumbani, dukani. Mwaka huu kuhani amesema tuyamimine kwenye tangi la chini. Ndiyo mzizi wa biashara, si wewe mwenyewe unayesema kila siku?"

"Nyunyizeni kwenye vioo. Nje. Msimimine ndani."

"Kwa nini?"

"Ni shaba. Ndimu imeila shaba. Wafagiaji watakufa."

Kasturi akamtazama kama aliyesikia mbuzi akisema. "Mababu wote wamekunywa maji ya mtungi wa shaba, wakaishi miaka tisini. Wadudu wako ndio watoto wa mfalme?"

Alimfuata Elumalai dukani. Alikuwa juu ya ngazi, akifunga migomba miwili mlangoni kwa ajili ya siku ya tisa, sherehe ya kubariki vyombo vya kazi.

"Elumalai, nisikilize."

"Sema, shemeji, mikono tu ndiyo ina kazi."

Akamweleza. Akamkumbusha dawa ya buluu. Elumalai alishuka ngazi pole pole, akijipangusa.

"Dawa ni dawa, shemeji. Hii ni ibada. Unataka nimwambie kuhani kwamba baraka yake ni sumu? Nimwambie imesemwa na nani? Na profesa gani?"

"Mwambie kaka yako aliona kwa macho yake."

"Kaka yangu," alisema Elumalai, na kicheko kikamwisha, "aliona mengi. Ndiyo maana aliacha madeni." Akapanda tena ngazi.

Kuhani mwenyewe Sivagami hangeweza kumwendea. Mjane hajitokezi mbele ya mtu anayekwenda kuwasha taa ya heri. Miaka sita alikuwa amezoea kukaa jikoni siku za namna hiyo, akisikia kengele kupitia ukutani. Basi akafanya alichoweza. Mchana wa siku ya nane alichukua ndoo, akaijaza maji ya pipa jipya la Kovalam, akatia mabonge manne ya wavu yaliyojaa wafagiaji, akatumbukiza bomba la hewa, akaificha chini ya ngazi ya duka, nyuma ya magunia ya chumvi. Mabonge manne yangetosha. Jike mmoja akitaga, baada ya miezi mitatu tangi limejaa.

Usiku huo usingizi ulimjia.

Siku ya tisa duka lilioshwa mpaka likang'aa. Kila kitu cha kazi hutolewa siku hiyo, hupakwa rojo la sandali na unga mwekundu, hubarikiwa, kisha hakiguswi mpaka kesho: nyavu, pampu, mikasi, pikipiki ya Elumalai, hata kikokotoo. Sivagami alikuwa jikoni akikaanga dengu kwa nazi na haradali. Aliwasikia wakicheka. Akasikia kengele. Akasikia sauti ya kuhani ikipanda na kushuka, halafu maji.

Kumiminwa kwa maji kuna sauti yake. Aliijua kuliko jina lake. Ilikuwa ndefu, mtungi mzima.

Sufuria ikaungua. Akazima jiko, akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, kama mtu aliyefungwa kamba kiunoni. Aliwahi mara moja tu katika maisha yake kuingia kwenye ibada, wakati mtoto wa Kasturi alipozaliwa, na maneno aliyoambiwa siku ile bado alikuwa nayo.

Boga jeupe la kufukuzia husuda lilipopasuliwa barabarani na watu wakaanza kugawana bisi, ndipo alipoingia. Hakwenda kwenye tangi. Alikwenda chini ya ngazi. Magunia yalikuwepo. Ndoo haikuwepo.

Ilikuwa pale mbele, kwenye mstari wa vyombo, kati ya pampu ya akiba na mizani. Ilikuwa na nukta ya sandali, na nukta nyekundu katikati yake, na juu ya maji yake yalielea maua ya njano.

"Nani ameleta ndoo hii?"

"Mimi," alisema Elumalai, mdomo umejaa bisi. "Kitu cha kazi hakifichwi siku ya leo, shemeji. Nikaona ndoo yako imesahauliwa huko chini, nikasema isije ikanuna. Kuhani ameipa na yenyewe kikombe kizima cha maji ya mtungi." Alisema kwa moyo mweupe. Hilo ndilo lililomuuma Sivagami zaidi: kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita, mtu yule alikuwa amekusudia kumfanyia jema.

Akazamisha mkono ndani ya ndoo. "Usiiguse mpaka kesho!" Kasturi akapiga kelele. "Unaharibu ibada!"

Walikuwa wametoka ndani ya wavu. Wafagiaji hawaogelei juu mchana, hukaa wameshika wavu au jiwe. Sasa walikuwa wakiogelea juu, wakizunguka bila mwelekeo, migongo ikinyooka. Mfagiaji akinyooka mgongo, amekwisha. Akakimbilia tangi la chini. Huko walikuwa wamepanda kwenye kioo, wamejazana kwenye mstari wa maji kama wanaotafuta mlango. Aling'oa waya wa pampu, maji yale yasipande juu. Elumalai akaurudisha. Akaung'oa tena. Kasturi akamshika mkono, na Sivagami, ambaye hakuwahi kumsukuma mtu, akamsukuma.

"Mmeona?" Kasturi aliwaambia majirani waliokuja kula bisi. "Mmeona mambo yenyewe? Siku ya heri!"

Asubuhi walikuwa wamelala chini kama makapi ya mchele. Samaki walikuwa wazima, wanacheza. "Si unaona?" alisema Elumalai. "Samaki hawana neno." Siku ya tatu baada ya ibada matumbawe yalijifunga kama ngumi. Siku ya sita ukoga wa kijani ulifunika vioo. Ndipo Elumalai alipoacha kula vizuri, na ndipo Kasturi alipoanza kusema, kwanza jikoni, halafu mtaani, kwamba mjane alitia mkono wake kwenye vyombo kabla ibada haijatulia.

Sivagami alipekua kila jiwe. Alivunja mawe mengine kwa nyundo. Hakupata hata mmoja.

Lakini palikuwa na mahali pamoja. Daktari Narasimhan wa Anna Nagar alikuwa na tangi refu kama kitanda, na Sivagami alikuwa amempelekea wafagiaji kwa miaka minne, kila juma, kwa ajili ya samaki wake mmoja mwenye deko asiyekula kingine. Wengine walizaana humohumo. Watoto wa watoto wa wale wake. Alihitaji kumi na wawili tu, wenye mayai.

Alimwomba Elumalai ampeleke, kwa sababu daktari huyo hufungua lango kwa anayepiga simu kwanza tu. Walipofika, Elumalai akabaki kwenye pikipiki. "Panda ngazi wewe. Mimi nimekwisha kumweleza."

Daktari alimpokea vizuri. Alimwita mama, akamwagizia chai. Tangi lilikuwa nyuma yake, linawaka. Na walikuwepo. Kwenye kona ya chini, alipoelekeza macho tu, aliwaona watatu, wanne, jike mmoja tumbo limejaa, wakila ukoga juu ya jiwe, kwa utulivu, kama wenye muda wote duniani.

"Bwana daktari, nimekuja kuomba kumi na wawili. Maji ninayo safi, pipa halijafunguliwa. Nitakurudishia elfu."

"Mama, Elumalai amenieleza. Amesema uliosha tangi kwa mtungi wa shaba. Pole sana."

"Sikuosha mimi."

"Sikulaumu. Mtu hawezi kujua asichofundishwa." Alisema kwa upole wa kweli. "Lakini mkono wako umetoka kwenye maji yale. Na nyavu zako. Siwezi kuruhusu uingie humu. Tangi hili nimelijenga miaka kumi."

"Nimenawa, bwana. Mkono unanawika. Shaba ni ya maji yale, haikai mkononi."

Daktari akatabasamu, kama anavyomtabasamia mgonjwa aliyemtajia jina la dawa. "Tusubiri miezi sita. Maji yenu yapimwe. Halafu tutazungumza."

"Basi chukua wewe mwenyewe, kwa wavu wako. Tia kwenye chombo hiki, ni kipya, hakijaguswa."

"Nikiwatisha sasa, samaki wangu atakosa kula. Ndio chakula chake pekee, mama, wewe wajua kuliko mimi. Na wewe hutaniletea wengine."

Ilikuwa kweli. Chini, Elumalai alipiga honi mara mbili. Jana yake alikuwa amemwomba jirani aandike barua kwenda Tindivanam, kaka wa Sivagami aje amchukue dada yake, na Sivagami, aliyewasikia, aliiona juu ya meza, akaishika, akaigeuza huku na huku, akairudisha palepale.

Jike yule mwenye mayai alikuwa amefika kwenye kioo. Alipanda taratibu, akisafisha njia yake, akiacha nyuma mstari mwembamba unaopitisha mwanga. Kati yake na Sivagami palikuwa na upana wa kidole. Daktari alisimama, akasogea kidogo, kwa adabu, mpaka mgongo wake ukawa mbele ya tangi.

"Chai inapoa, mama," alisema.

Akainywa yote, akasema asante, akachukua chombo chake kitupu, akashuka ngazi.