Nilivyokwenda Chake Kulikagua Jumba la Baraza

Nilitoka Konde kwa sababu moja. Wakwe watarajiwa wanataka mjukuu wangu Maryam aozeshwe ndani ya jumba la kale la baraza la mji, Chake Chake, ambalo siku hizi hukodishwa kwa sherehe. Baba yake kishafariki, walii ni mimi. Nisipokubali mimi, hakuna ndoa. Nikasema nikalione kwanza. Nyumba yangu nimeijenga kwa karafuu zangu, sikusoma, lakini nyumba naijua.

Asubuhi tukapanda gari, mimi na Maryam. Njia nzima aliangalia dirishani tu. Nikadhani ni haya za bibi harusi.

Chake tulifika jua limeshakuwa kali. Jumba ni kubwa, hilo sikatai: mlango wa kupita ng'ombe wawili bega kwa bega, na ndani linanuka popo. Nikapiga hodi. Kimya. Ya pili, ya tatu, kimya. Nikageuka nirudi zangu, maana hodi tatu zikikosa karibu mtu huondoka, ndivyo tulivyolelewa.

Mlinzi akanikimbilia. "Mzee, hapa hapapigwi hodi. Unaingia tu."

"Kinachoingiwa tu ni choo cha sokoni," nikamwambia.

Ndani akatupokea msimamizi, Bi Salma, mwenye adabu zake, ila husifu kila ubao. "Hapa, Mzee, ndipo wakubwa wa zamani walipokuwa wakiwahukumu watu wa mashamba."

"Basi na mimi wa shamba nimekuja. Wageni watatawadha wapi?"

Hapakuwa na pa kutawadhia.

"Na pilau itapikwa wapi?"

"Chakula huletwa kwenye vibweta, Mzee."

Pilau ya harusi ndani ya kibweta, wageni wanakula kama abiria wa meli. Nilipouliza wanawake watakaa wapi, akanionyesha roshani iliyozunguka ukumbi kwa juu, wazi mbele ya macho ya wanaume wote. Nikatoka.

Nje nikamwambia Maryam, "Kawaambie wakwe zako, siozeshi mtu kwenye banda la popo. Nikahi ni barazani kwangu."

"Babu, si wao. Mimi ndiye niliyewaomba waseme."

"Kwa nini?"

"Dada zangu wote uliwaozesha barazani, wao wamefungiwa chumba cha ndani. Hata sauti yako hawakuisikia. Mimi nataka nikae juu pale, nikuone ukimshika mkono bwana harusi ukiniozesha."

Jioni tulirudi Konde. Nilichojifunza ni hiki: nimeozesha mabinti wa nyumba yangu miaka yote nikijisifu, na hakuna hata mmoja aliyeniona. Jumba lile ni banda la popo, nalisema tena. Pilau itapikwa Konde, ibebwe na masufuria yake, na maji ya kutawadha tutakwenda nayo. Ijumaa, inshallah, namwozesha humo.