Nilibadilisha Jeti Bila Kumwambia

Mzee alikuwa ameenda kutafuta chai, na hiyo ndiyo nafasi niliyoipata. Nililegeza kabureta ya pikipiki yake kwa bisibisi, nikatoa jeti aliyoiweka asubuhi, nikafunga nyingine yenye tundu dogo zaidi. Dakika tano tu. Mikono ilinuka petroli nikaifuta kwa nyasi.

Jeti ni kipande cha shaba kisichozidi ukucha. Tundu lake ndilo huamua injini itapata petroli kiasi gani. Kwenye pikipiki za zamani kama ile, za mipigo miwili, oili huchanganywa na petroli, kwa hiyo ukipunguza moja umepunguza zote mbili. Mlimani hewa ni nyepesi, jeti kubwa huifanya injini ikohoe. Bondeni hewa ni nzito, jeti ndogo huiunguza. Mzee alikuwa amechagua jeti ya bondeni. Mimi nilitaka ya mlimani, kwa sababu mlimani ndiko nilikotaka kuonekana.

Nilijua pia kwamba pistoni iliyokuwa ndani ilikuwa ya mwisho. Mzee alitafuta nyingine Nairobi, akatuma watu hadi Kampala, hakupata. Alikuwa fundi wa kiwanda maisha yake yote, na tangu astaafu, injini ile ndiyo iliyomwamsha asubuhi. "Hii ikikufa," aliwahi kuniambia, "mimi nitabaki mtu wa kungoja lunch."

Mimi niliacha shule darasa la saba. Nimechimba viazi Molo, nimeosha malori Sachangwan, nimechanganya simiti katika miji ambayo hata siikumbuki vizuri. Sikuwahi kukaa mahali hadi msimu wa pili. Siku moja nilikuwa napita Free Area nikitafuta kazi ya mjengo, nikasikia mngurumo nyuma ya lango fulani, mkali, kama wa kitu kilichokasirishwa. Nikabisha kuuliza ni nini. Miezi minane baadaye nilikuwa bado kwa huyo mzee, na nilikuwa nimeruhusiwa kuiendesha.

Jumamosi hiyo tulikuwa kwenye shamba moja upande wa Kabazi, ambako watu wa pikipiki hukutana. Ubishi wao ni uleule kila mara: mia tano ya zamani, yaani ya cc 500, bado inaweza kushindana na hizi mpya? Jamaa mmoja wa mjini alikuwa amekuja na mpya kabisa, ya mipigo minne, ya kubonyeza kidude ikawaka, yenye kompyuta inayojipimia petroli yenyewe popote ilipo.

"Niaje boss," aliniambia, akiizunguka yetu. "Hii ni pikipiki ama ni posho mill?"

"Posho mill haitakungoja huko juu."

"Bora usisage mguu ukiipiga teke kuiwasha."

Mama aliyekuwa akiuza chai alipunga leso mbele ya uso wake. "Nyinyi, peleka hiyo moshi yenu mbali! Watu watasema nimepika chai na mafuta taa."

"Mathe, hiyo ndiyo masala," mzee akamjibu, na watu wakacheka. Alinishika bega. Hakuitazama kabureta. Aliniamini, nami nikapanda, nikajipanga kando ya jamaa wa mjini hadi bendera ilipoangushwa.

Njia ilikuwa moja: kupanda hadi tangi la maji kileleni, kulizunguka, kushuka, kisha kumaliza kwenye barabara ya tambarare kati ya mahindi.

Mlimani nilimwacha. Sisemi kwa kujisifu, walioona waliona. Mia tano ikishika haikuombi ruhusa. Gurudumu la mbele lilinyanyuka mara mbili na mawe yakaruka nyuma yangu. Nililizunguka tangi peke yangu. Wakati wa kushuka jamaa alianza kunikaribia, maana pikipiki yake ilifuata mashimo kama maji, na yangu ilinirusha kila kona. Hata hivyo niliingia tambarare nikiwa mbele.

Hapo nikafungua mafuta yote, na injini ikabadilisha sauti.

Ilikuwa kama kokoto ndani ya mkebe. Joto lilipanda kwenye magoti yangu. Nilijua ni nini, kwa sababu jeti ile ni mimi niliyeifunga. Mwisho wa barabara niliona watu, na katikati yao kofia ya mzee. Ilibaki kama nusu kilomita. Pengine ingefika. Nilihesabu miti, mmoja, wa pili, na kokoto ziliongezeka, na pikipiki ikaanza kulegea chini yangu kama mtu anayetaka kuketi.

Nikabana klachi. Nikavuta choki ili inywe zaidi, nikaiachia mafuta kidogo kidogo, kama anayemlisha mgonjwa. Jamaa alinipita akiinua mkono. Nilifika nikitambaa.

Mzee alichutama kando ya injini. Alifungua plagi ikiwa bado ya moto, akaigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa nyeupe kama chaki, alama ya injini iliyokosa petroli.

"Nani alifungua kabureta?"

"Ni mimi, mzee."

"Lini?"

"Ukiwa kwa chai."

Jamaa wa mjini alikuja akicheka, akaiona plagi. "Lakini kupanda alinimaliza huyu," alisema polepole. "Mimi sijashika spana tangu asubuhi, yangu inajipimia yenyewe, na bado alinimaliza."

Jibu la ule ubishi, kwamba ya zamani bado inaweza, lilikuwa hapo hapo, lakini sikuwa na hamu nalo tena.

Jumatatu mzee alifungua silinda. Aliingiza kidole, akafumba macho, akapitisha ukucha kwenye ukuta wake wa ndani, juu, chini, akauzungusha. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mfuko wangu wa nguo, kwa sababu kuondoka ndio ustadi wangu mwingine.

"Imekwaruzwa," akasema. "Haijakufa, na pistoni bado inafaa. Nitaipiga msasa." Kisha akafungua macho. "Kuiendesha, hapana. Mpaka nijue kwamba ukifanya jambo utaniambia. Hiyo inaweza kuwa mwaka."

"Na nikikaa?"

"Ukikaa, maji ya kuoshea vyuma yako nje. Chota."

Niliuweka mfuko chini, nikaenda kuchota.