Leso yangu nyekundu imemkosesha mwanangu Mombasa

Wenzangu, leo nimemshindisha mtu mbio za baiskeli, na si mwanangu.

Chama chetu cha baiskeli hakina bendera. Kila mwendeshaji anajua: ukiona leso nyekundu ya Mama Komora inapungwa, umefika mwisho, funga breki.

Mama Komora ndiye mimi.

Leo wa kwanza ndiye angekwenda Mombasa kukiwakilisha chama. Kazi yangu ilikuwa kusimama mstarini pale Garsen, nitulie.

Mimi na kutulia wapi na wapi?

Nikatembea mbele kidogo nimwone Komora wangu. Kidogo tu, jamani.

Huyo anakuja, amewaacha wote! Mara ng'ombe nao wanavuka barabara. Nikaivua leso, nikapunga kwa nguvu zote: punguza mwendo, mwanangu, ng'ombe!

Akafunga breki. Akainua mikono. Akaja kunikumbatia. "Mama, nimeshinda!"

Wa nyuma yake nao wakasimama kumpongeza.

Isipokuwa mgeni mmoja wa kutoka Nanighi, aliyejiunga na chama juzi tu, asiyejua leso wala mwenye leso. Akapenya katikati ya ng'ombe, akaenda zake mpaka mstarini.

Mwenyekiti akaniuliza, "Mama Komora, ulikuwa unampungia nani?"

"Ng'ombe."

"Basi ng'ombe ndio hawakusimama."

Nyumbani nikampikia Komora wali wa nazi. Akala wote. Kisha akaikunja ile leso.

"Mbio zijazo hii naibeba mimi. Wewe njoo mikono mitupu."

Kumbe bado anataka nije!

Mnaocheka, chekeni polepole. Yuko chumba cha pili.