Bolti zenye namba za kutu

Kwaru, kwaru. Mlio wa msumari juu ya bolti haunitoki kichwani.

Wiki nzima nimeloweka bolti sita zilizopakwa zinki ya kuzuia kutu kwenye maji ya chumvi, nione kama zitapata kutu. Leo zote zimepata.

Nikaenda mbio kwa Mama Tusekile, anayetuuzia bolti hapa Tunduma, nikamwambia mbele ya wateja: "Mama, mzigo wako feki!"

Narudi gereji, fundi wetu wa trela anazigeuzageuza, anacheka. "Dada msomi, mbona kutu iko kwenye namba tu?"

Namba nilizikwaruza mwenyewe kwa msumari kabla ya kuziloweka, nisichanganye bolti. Zinki nimeibandua mimi!

(Ndiyo, nina digrii. Chekeni.)

Nimesharudi kwa Mama Tusekile. Nimeomba radhi kwa sauti, wateja wakisikia.